Uga Unaoondoka Bila Kuacha Alama

Katika kiini cha Linux kuna kufuli liitwalo mutex, na ndani ya kufuli hilo, iwapo mjenzi wa mfumo ametaka, mna uga uitwao magic. Uga huo unabeba kitu kimoja tu: anwani ya kufuli lenyewe. Yaani kufuli lililokaa mahali fulani katika kumbukumbu ya kompyuta limeandikiwa ndani yake kwamba makazi yake ni hapo. Sehemu yoyote ya mfumo inapotaka kulifunga, msimbo huuliza kwanza swali fupi: anwani iliyoandikwa humu inalingana na anwani ya kufuli nililolishika? Kufuli la namna hii halitakiwi kunakiliwa. Mtu akilinakili kwa bahati mbaya pamoja na muundo mkubwa unaolibeba, nakala itachukua anwani ya lile la asili, na swali hilo litaifichua papo hapo. Akisahau kuliandaa kabla ya kulitumia, uga utakuwa na sifuri au mabaki ya kazi nyingine, na hilo nalo litajulikana. Na kufuli likishavunjwa rasmi, uga hufutwa, ili atakayemrudia marehemu akamatwe.

Mjenzi asipotaka, uga huo haupo. Sisemi kwamba unabaki mtupu au kwamba umefichwa mahali. Haupo kabisa. Kwenye mashine ya biti 64 kufuli linapungua baiti nane, swali haliulizwi, na prosesa haitumii hata amri moja kwa ajili yake.

Fundi cherehani hodari hushikiza nguo kwa bandi kabla ya kuishona, akaijaribisha mwilini mwa mteja, kisha akaifumua bandi yote asibakize uzi wala tundu. Waandishi wa kiini wanafanya kazi ya aina hiyo, ila yao ina sharti gumu zaidi: bandi ile ile lazima iweze kurudi siku yoyote, kwa neno moja katika faili la usanidi, na nguo ikae sawa kwa hali zote mbili. Nimekuwa nikisoma msimbo huu kwa muda mrefu, na kila ninapourudia naona uangalifu ambao nilikuwa sijauona. Ndio ninaotaka kuusifu hapa.

Linus Torvalds alikitangaza kiini hiki mwaka 1991 akiwa mwanafunzi mjini Helsinki. Leo kimo ndani ya kila simu ya Android, ikiwemo ile ambayo dereva wa bodaboda anaitazama kutafuta njia, na kimo ndani ya seva kubwa ambazo simu hizo huzungumza nazo. Chanzo ni kimoja. Kinachotofautisha ni usanidi: maelfu ya machaguo ambayo mjenzi huyakubali au kuyakataa kabla ya kukusanya msimbo, kila moja likiwa na jina linaloanza na CONFIG. Kati ya machaguo hayo liko kundi zima la yale ya kusaka hitilafu. Mwenye kutengeneza simu ya kuuza huyazima karibu yote. Mwenye kuandika kipande kipya cha msimbo huyawasha, akakubali mashine yake iende taratibu, ili makosa yajitokeze mezani kwake kabla hayajafika mfukoni mwa mtu.

Njia ya kuwasha na kuzima ni ya zamani karibu kama lugha ya C yenyewe. Mistari iliyo kati ya alama mbili, #ifdef na #endif, hubaki ikiwa chaguo limewekwa. Lisipowekwa, huondolewa kabla kompaila haijaanza kusoma. Ni kisu kisicho na huruma. Kinakata popote utakapokielekeza, na ndiyo maana ufundi wote uko katika kujua pa kukielekeza.

Tuanze na mahali ambapo kimekata vizuri. Kufuli la kuzunguka, spinlock, ni lile ambalo mwenye kulikosa halali. Hubaki palepale akiuliza tena na tena mpaka liachiwe. Kwenye prosesa za x86 za biti 64 ni baiti nne tu. Chaguo la CONFIG_DEBUG_SPINLOCK likiwashwa, muundo wake unaongezewa nyuga tatu: magic, ambayo hapa ni namba maalumu 0xdead4ead, owner_cpu, yaani prosesa iliyolifunga, na owner, kazi iliyolifunga. Baiti nne zinakuwa 24, nne kati ya hizo zikiwa pengo tupu ambalo kompaila huliacha ili anwani ya mwisho ikae kwenye mpaka wa baiti nane. Ukiwasha na lockdep, mfumo wa kuchunguza mpangilio wa makufuli ambao Ingo Molnar na Arjan van de Ven waliuleta mwaka 2006, kufuli linazidi mara kumi ya ukubwa wake wa awali.

Kwa nyuga hizo tatu, kufuli linapata ulimi. Linaweza kusema: aliyenifunga anajaribu kunifunga tena, naye atajisubiri milele. Linaweza kusema: anayenifungua siye aliyenifunga. Linaweza kusema: nimekwisha kufunguliwa, wewe unafungua nini? Bila nyuga hizo, kosa la kwanza kati ya hayo huonekana kwa nje kama mashine iliyoganda tu, na mtu anaweza kukaa nalo wiki nzima asijue aanzie wapi.

Angalia mpangilio wa uga kwa uga. Neno la kufuli lenyewe liko mwanzoni, na zile za kusaka hitilafu zinakuja baada yake. Kwa hiyo, chaguo likiwa limewashwa au limezimwa, kile ambacho prosesa inakigusa kwa haraka kiko palepale, hatua sifuri kutoka mwanzo wa muundo. Katika mutex ni vivyo hivyo: mmiliki yuko juu, magic iko karibu na chini. Utaratibu huu haulazimishwi na kompaila. Ni heshima ya mwandishi kwa wale watakaopita njia ile mara mabilioni kwa siku.

Na maswali yenyewe yako wapi? Hayakumwagwa ndani ya msimbo wa kawaida. Kitendo cha kufunga kina jina moja na miili miwili. Chaguo likizimwa, mwili mfupi ulio katika faili la kichwa unaita moja kwa moja amri za prosesa. Likiwashwa, mwili mrefu unatoka katika faili la peke yake, spinlock_debug.c, ambalo mstari mmoja wa orodha ya ujenzi unaamua kama litakusanywa au la. Anayesoma msimbo wa diski au wa mtandao, unaofunga na kufungua makufuli haya, haoni alama yoyote ya kwamba kuna hali mbili. Anaona jina moja la kitendo, basi.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tusumbuke hivyo? Baiti nane ni nini katika simu yenye gigabaiti nane? Jibu liko katika kuzidisha. Kiini huigawa kumbukumbu ya mashine katika kurasa, kwa kawaida za baiti 4,096, na kila ukurasa una muundo wake wa maelezo uitwao struct page, ambao kwenye mashine za biti 64 huwa baiti 64. Mashine yenye gigabaiti 16 ina kurasa 4,194,304. Ongeza uga mmoja wa baiti nane katika muundo huo, na umechukua megabaiti 32 za mwenye mashine, siku zote, afanye asifanye kazi inayouhitaji. Tena baiti 64 ndizo hasa ambazo prosesa nyingi huvuta kwa mkupuo mmoja kutoka kwenye kumbukumbu. Muundo ukizidi hapo, kila kuutazama kunaweza kuhitaji mikupuo miwili. Ndiyo maana ukipendekeza uga mpya katika struct page utaulizwa maswali mengi, na ni haki uulizwe.

Uga lazima uweze kuondoka, basi. Hapo ndipo taabu halisi inapoanza, kwa sababu msimbo unaoutaja uga usiokuwepo haukusanyiki. Kompaila haitaki kujua kwamba swali lile lisingeulizwa hata hivyo. Imeona jina ambalo halimo katika muundo, imekataa, kazi imesimama. Na mwandishi aliyejaribu msimbo wake kwenye mashine yake, yenye machaguo yote ya kusaka hitilafu, hana habari. Atajua siku mtu mwingine, mwenye usanidi tofauti, atakapokwama. Kuna mashine ambazo kazi yake mchana na usiku ni kukijenga kiini kwa usanidi uliochaguliwa kibahati, ili kukwama kwa namna hiyo kugunduliwe mapema. Zipo kwa sababu hakuna binadamu awezaye kushika kichwani michanganyiko yote ya machaguo.

Dawa ya mwanafunzi ni kukizungushia kila kitajo #ifdef yake. Inafanya kazi, nayo ni mbaya. Kitendo cha mistari ishirini kinageuka cha mistari arobaini. Jicho linaruka, linasahau tawi gani liko hai, na mwandishi anayefuata anarekebisha nusu moja akiiacha nyingine. Mwongozo wa uandishi wa kiini unasema waziwazi kwamba masharti ya aina hiyo, kadiri iwezekanavyo, yasikae katika mafaili ya .c, yawekwe katika mafaili ya vichwa, ambako kila kitendo kitapewa pacha mtupu wa kutumika chaguo linapozimwa. Mwongozo huo huo unapendelea sharti la kawaida la C, lenye makro ya IS_ENABLED, ili kompaila iusome msimbo wote, iukague, kisha iutupe yenyewe ule usiohitajika. Kisha unaongeza onyo la kweli: njia hiyo haifai pale msimbo unapotaja jina lisilokuwepo chaguo likizimwa. Nyuga zetu ni majina ya aina hiyo hasa. Dawa nzuri kuliko zote haiponyi ugonjwa huu, na hapo ndipo waandishi walipolazimika kufikiri.

Rudi kwenye mutex. Lile swali la anwani limeandikwa kwa makro iitwayo MUTEX_WARN_ON, na ndani ya mabano yake mna ulinganisho mmoja tu: magic ya kufuli si sawa na kufuli. Chaguo likiwashwa, makro inageuka kuwa onyo kamili. Likizimwa, inageuka kuwa hewa. Kila kilichomo katika mabano kinapotea kabla kompaila haijakiona, kwa hiyo haijalishi kwamba uga wa magic haupo. Ni mstari mmoja katika mwili wa kitendo, umesimama peke yake, unasomeka kama sentensi ya kawaida, hauna #ifdef juu wala chini yake.

Linganisha na makro nyingine, VM_BUG_ON, inayotumika katika msimbo wa kumbukumbu. Hiyo nayo chaguo lake likizimwa haizalishi amri yoyote ya prosesa. Lakini haigeuki hewa. Hulipeleka swali ndani ya sizeof, yaani huiuliza kompaila: jibu la swali hili lingekuwa na ukubwa gani? Lugha ya C inasema kwamba kilichomo ndani ya sizeof ya namna hii hakitekelezwi, kinapimwa aina yake tu. Kwa hiyo kompaila inalazimika kulisoma swali lote, kuhakikisha kila jina lipo na kila aina inalingana, kisha inalitupa. Mtu akibadilisha jina la uga mahali pengine na kusahau swali hili, atajua siku hiyo hiyo, hata kama hajawahi kuwasha chaguo la kusaka hitilafu. Na kigezo ambacho kipo kwa ajili ya swali hilo tu hakitalalamikiwa kwamba hakitumiki.

Hapa kuna makro mbili, zote za kuzima maswali, na waandishi wake wamechagua kinyume. Ya kwanza imefunga macho ya kompaila kwa sababu inauliza kuhusu uga unaoondoka. Ya pili imeyaacha wazi kwa sababu inauliza kuhusu nyuga zinazobaki. Ukizibadilishana, ya mutex itavunja ujenzi, na ya kumbukumbu itaacha maswali yake yaoze kimyakimya. Sioni njia ya kutoa kanuni moja itakayowafaa wote wawili. Lazima mtu akae, aangalie uga wake, aamue. Binafsi naona kufunga macho ya kompaila kuwe ni hatua ya mwisho, ya pale tu ambapo uga wenyewe unalazimisha.

Lockdep inatuonyesha njia ya tatu, yenye ujasiri wa aina yake. Ina kitendo cha kuuliza kama kufuli fulani limeshikwa. Lockdep ikizimwa, kitendo hicho hakina mwili popote. Lakini faili la kichwa bado linakitangaza, kana kwamba kipo. Msimbo unaokitaja ndani ya tawi lisilofikika unakusanyika bila tatizo, kompaila inalikata tawi lile, na jina linapotea pamoja nalo. Lakini mtu akikiita kweli, mahali panapofikika, hatua ya mwisho ya ujenzi, ile ya kuunganisha vipande, itautafuta mwili isiuone, na itakataa. Ahadi imetolewa bila nia ya kuitimiza, na kutotimizwa kwake ndiko kunakolinda. Mwandishi aliacha maelezo mafupi juu ya tangazo hilo, kwamba lipo ili watu waandike msimbo wenye #ifdef chache zaidi na kutegemea kukatwa kwa msimbo mfu. Maelezo yametosha. Asiyejua angedhani ni mabaki ya zamani, akayafuta.

Lakini kazi ninayoipenda kuliko zote ni ya mtandao. Kila kifaa cha mtandao katika kiini, iwe waya, redio au kile cha kubuni tu, kina hesabu ya wanaokishikilia. Hakiwezi kuondolewa mpaka hesabu ishuke. Msimbo ukishika na kusahau kuachia, kifaa hakiondoki kamwe, na kiini huandika ujumbe kila baada ya sekunde chache kwamba kinasubiri kifaa fulani kiachiwe, hesabu bado moja. Ujumbe huo wasimamizi wa seva wanaujua, hasa wale wanaofungua na kufunga makontena kwa wingi. Unasema hesabu ni moja. Hausemi huyo mmoja ni nani. Waliowahi kukishika wanaweza kuwa kadhaa, kila mmoja akiongeza moja na kutoa moja, na namba haina kumbukumbu ya majina.

Mwishoni mwa mwaka 2021 Eric Dumazet alileta ufumbuzi, na ukaingia katika toleo la 5.17 mwaka 2022. Kila anayeshika kifaa anapewa stakabadhi. Stakabadhi hiyo inaonyesha njia ya miito iliyomfikisha hapo, na anapoachia lazima airudishe ile ile. Akirudisha mara mbili, anajulikana. Asiporudisha, jina lake linabaki katika orodha, na siku ya kusubiri bila mwisho orodha inaweza kusomwa. Kwa hiyo kila muundo unaoshika kifaa lazima uwe na uga wa kuwekea stakabadhi. Miundo hiyo imetapakaa katika mtandao mzima: njia za pakiti, majirani, soketi, vichuguu. Ukiweka #ifdef katika kila mmoja, na nyingine katika kila kushika na kila kuachia, msimbo wa mtandao ungejaa vichaka.

Alichofanya ni kuipa stakabadhi aina yake, netdevice_tracker. Chaguo likiwashwa, aina hiyo ni anwani ya stakabadhi. Likizimwa, aina hiyo ni muundo mtupu, usio na uga hata mmoja. Sharti liko mahali pamoja tu, pale aina inapoelezwa. Baada ya hapo kila muundo unatangaza uga wake bila masharti, kila kitendo kinapokea anwani ya uga huo bila masharti, na kompaila inakagua kila kitu katika hali zote mbili. Jina lipo daima. Anwani yake inaweza kuchukuliwa daima. Ila chaguo likizimwa, ukubwa wake ni sifuri.

Hapo ndipo nilipo na mapenzi yangu. Tatizo lilikuwa uga unaopotea na jina lake. Yeye akatenganisha jina na uzito. Jina linabaki ili msimbo usomeke na ukaguliwe, uzito unaondoka ili mashine isilipe. Wazo lenyewe si jipya: lockdep ilikuwa na muundo mtupu wa namna hiyo tangu zamani, na kufuli la kuzunguka kwenye mashine ya prosesa moja, lisilo na mtu wa kugombana naye, ni muundo mtupu vilevile. Kiwango rasmi cha C hakiruhusu muundo usio na uga. GCC na Clang zinauruhusu kama nyongeza yao na kuupa ukubwa wa sifuri, na kiini kinaitegemea nyongeza hiyo bila kificho. Zamani haikuwa salama hivyo. Matoleo ya kale ya GCC yalikuwa na hitilafu katika kuuanzisha muundo mtupu, na kiini cha 2.4 kilibeba kwa ajili yao uga mmoja uitwao gcc_is_buggy, uliokuwepo ili tu muundo usiwe mtupu. Jina lilieleza sababu yake, na mwenye kuusafisha msimbo baadaye alijua lini unaweza kuondolewa.

Kuna kipande kingine kinachostahili subira ya msomaji. Kufuli la kuzunguka la kawaida ni gamba linalofunika kufuli la ndani, na lockdep inataka kuuona uga wake, dep_map, kwa jina lile lile katika kila aina ya kufuli, pasipo kujali gamba. Lakini dep_map uko ndani ya kufuli la ndani, na mbele yake zimekaa zile nyuga tatu za kusaka hitilafu, chini ya sharti la peke yake. Waandishi wakaweka juu ya kufuli la ndani muundo pacha unaokalia eneo lile lile la kumbukumbu: kwanza baiti za kujazia, kisha dep_map. Baiti za kujazia ni ngapi? Hakuna aliyezihesabu. Wameiambia kompaila ipime umbali wa dep_map kutoka mwanzo wa kufuli la ndani, na umbali huo ndio idadi. Nyuga tatu zikiwepo, umbali unarefuka wenyewe, zikiondoka, unafupika. Pacha hao wawili hawawezi kutengana kwa mchanganyiko wowote wa machaguo. Mwenye haraka angeandika namba, ingekuwa sahihi siku hiyo, na ingemsubiri mtu baada ya miaka mitano.

Uga unaokuja na kuondoka una gharama moja ambayo ustadi huu wote hauiondoi. Ukubwa wa muundo ukibadilika, nyuga zinazofuata zinahama. Moduli iliyojengwa kwa usanidi mmoja, ikipakiwa katika kiini cha usanidi mwingine, itasoma mahali pasipo pake. Kiini kina alama za kukagua ulingano huo na huikataa moduli isiyolingana, na Fedora, kwa mfano, husambaza kiini chake cha kusaka hitilafu kama kifurushi tofauti. FreeBSD imechagua njia nyingine katika makufuli yake: nafasi ya anwani ya WITNESS, mchunguzi wake wa mpangilio wa makufuli, imo katika kila kufuli, mchunguzi awepo asiwepo. Wanalipa baiti nane siku zote, na umbo la kufuli linabaki lile lile. Sidhani kwamba walikosea. Wanaojali zaidi moduli za watu wengine watachagua hivyo, na wanaojali zaidi baiti watachagua kama Linux.

Linux yenyewe imekiri, mahali pengine, kwamba kujenga upya ni mzigo. Toleo la 3.19 la mwaka 2015 lilileta page_ext, kazi ya Joonsoo Kim, inayotoa maelezo ya kusaka hitilafu nje ya struct page na kuyaweka katika jedwali la pembeni. Jedwali hutengwa wakati wa kuwasha mashine, iwapo tu mtumiaji ameomba. Kwa hiyo anayetaka kujua nani alichukua kila ukurasa wa kumbukumbu anaongeza page_owner=on katika mstari wa kuwashia, na mashine ile ile, kiini kile kile, kinamjibu. Asiyetaka halipi ila kidogo sana. Kwa kurasa, nadhani hilo ndilo jibu bora. Kwa kufuli la baiti nne lisingefaa, maana kulitafuta jedwali kungegharimu kuliko kufuli lenyewe.

Kwa kijana anayejifunza C, awe Mbeya, Eldoret au Bujumbura, nina ombi moja. Usiishie kwenye vitabu vya mazoezi. Chanzo cha kiini kiko wazi kwa leseni ya GPL toleo la 2, kinapakuliwa bure, na sehemu ninazozisema ni fupi. Fungua kernel/locking/mutex.c, tafuta MUTEX_WARN_ON, kisha fungua include/linux/spinlock_types.h ukae na yale mapacha mpaka uone kwa nini hakuna namba iliyoandikwa kwa mkono. Halafu rudi kwenye msimbo wako mwenyewe, uhesabu #ifdef zilizo katikati ya vitendo, uanze kuzihamisha moja moja.